Kurudisha viti vya kulaza vya MGB: chuma kwanza, kava mwisho

Mwaka juzi nililetewa MGB GT, gari dogo la michezo la zamani kutoka Uingereza, ambayo viti vyake vilikuwa vimeshonwa upya mahali pengine. Ushonaji ulikuwa mzuri kweli: mistari imenyooka, pembe zimekaa, reksini (ngozi ya bandia) haina mkunjo. Ila mwenye gari alilalamika kwamba hawezi kuendesha nusu saa bila kiuno kumuuma. Nikakaa mwenyewe nikahisi papo hapo. Bega la kulia la mgongo wa kiti lilikuwa limetangulia la kushoto kama upana wa kidole. Ukilaza kiti, upande wenye meno ya mashine ya kulazia unashika, upande wa pili unafuata kwa kuchelewa. Kosa lilikuwa kwenye chuma, na chuma kilikuwa kimefunikwa kwa kava mpya iliyobandikwa kwa gundi. Ilibidi niifumue yote.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja ambao siuvunji: kiti kinaunganishwa kikiwa uchi, kinafungwa ndani ya gari kikiwa uchi, kinakaliwa na kulazwa kikiwa uchi. Kikikubali, ndipo kinafunguliwa tena na kuvishwa. Inaongeza siku moja ya kazi. Kava ya viti viwili kutoka Uingereza inagharimu zaidi ya siku hiyo.

Mwongozo huu ni wa viti vya kulaza vya MGB, yaani vile vilivyoanza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1960 vikaendelea hadi kiwanda cha Abingdon kilipoacha kuitengeneza gari hii mwaka 1980. Vitambaa vilibadilika njiani, kuanzia ngozi na reksini hadi nailoni, na miaka ya mwisho nchini Uingereza kikaja kile cha mistari kinachofanana na viti vya ufukweni. Ndani hakukubadilika sana: fremu ya chuma, raba ya kikalio, sponji, kava, na bawaba mbili zenye mashine ya kulazia. Mwenye Triumph ya miaka hiyo naye atakuta mengi anayoyajua. Viti vya MGB za mwanzo, za tangu 1962, ni vya muundo mwingine na sitavigusa hapa.

Kabla ya kushika spana

Panga vipande vyote juu ya turubai, kiti cha kulia upande wa kulia na cha kushoto upande wa kushoto. Kulia na kushoto ni kwa mtu aliyekaa ndani ya gari akitazama mbele. Usiandike "dereva" na "abiria". Gari zetu usukani uko kulia, lakini gari nyingi za MGB ziliuzwa Marekani, usukani ukiwa kushoto, na ukiagiza kipande kutoka huko neno "dereva" litakuletea kipande cha upande usio wako. Mkono wa kulazia uko upande wa mlango, kwa hiyo viti hivi viwili ni kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Havibadilishani.

Kama aliyefungua viti ni mtu mwingine na umeletewa vipande kwenye gunia, tumia muda wako hapa. Tafuta lilipo jeraha la kila bolti: alama ya washa kwenye rangi, mviringo usio na kutu, mkwaruzo. Chuma cha zamani kinakumbuka kilichokuwa juu yake.

Sasa jambo linaloharibu viti hivi katika gereji zetu kuliko kutu. Bolti za gari hii ni za thredi ya UNF, za inchi. Zinazotumika zaidi kwenye viti ni za robo inchi na za 5/16. Ile ya 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, karibu kabisa na bolti ya M8 iliyojaa kila duka la spea za Toyota. Fundi akipoteza bolti anachukua M8, inaingia mizunguko miwili mitatu, inakuwa ngumu, anadhani ni kutu, anaongeza nguvu. Hapo thredi za nati iliyochomelewa kwenye sakafu zimekwisha. UNF ya 5/16 ina thredi 24 kwa inchi moja, M8 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.25, hazipatani hata kidogo. Sheria ni nyepesi: bolti isiyoingia kwa vidole hadi karibu na mwisho si bolti yake, au tundu ni chafu.

Ukitafuta UNF mjini, usianzie kwa wauza spea za Kijapani. Nenda kwa wanaouza vipuri vya Land Rover za zamani au trekta za Massey Ferguson kama 135. Hizo nazo ni za Uingereza, na thredi ni zilezile. Beba bolti moja ya mfano na nati yake. Na spana iwe ya inchi: nusu inchi kwa bolti ya 5/16, 7/16 kwa ya robo. Spana ya 13 itaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7, lakini inacheza, na kichwa kikishalainika pembe kazi yako imekuwa ya patasi.

Kukagua fremu

Piga brashi ya waya hadi uone chuma. Angalia sana pale bawaba inapokutana na bomba la fremu, na pembe za nyuma za kikalio ambako maji ya kapeti hupanda. Ufa hujificha chini ya rangi kama unywele. Mimina mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa vizuri, kisha paka chaki iliyosagwa. Kama kuna ufa, mstari wa mafuta utajitokeza kwenye chaki.

Ufa uchomelewe kabla ya jambo lingine lolote, na ukichomelea funga fremu kwenye ubao mnene au meza ya chuma, la sivyo joto litaivuta. Ukimaliza, pima pembe kwa pembe. Chukua uzi usiovutika, pima kutoka pembe ya juu kulia hadi chini kushoto, kisha kinyume chake. Mimi nikiona tofauti ya zaidi ya milimita 3 siendelei. Naiweka fremu sakafuni, nakanyaga upande mmoja, navuta mwingine taratibu, napima tena. Bomba la viti hivi si gumu, linakubali mkono.

Kipimo cha pili ndicho kingemwokoa yule mwenye GT. Funga mgongo kwenye kikalio bila kukaza. Tafuta fimbo ya chuma ya mviringo iliyonyooka (nondo ya ujenzi haifai, ina meno na mara nyingi imepinda) yenye unene wa kupita kwenye tundu la egemeo, yaani pale mgongo unapozungukia. Ipitishe kutoka bawaba ya upande wa mlango hadi bawaba ya upande wa gia. Ikipita kwa urahisi na kuzunguka, bawaba ziko kwenye mstari mmoja. Ikikwama kwenye tundu la pili, moja ya bawaba imepinda, na kiti kitasokotwa kila kitakapolazwa. Nyoosha sasa.

Rangi baadaye. Praima moja, rangi moja nyembamba, acha ikauke kabisa. Lakini ziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi meno ya mashine ya kulazia, ulimi wake, na nyuso zote zinazosuguana. Sababu iko hapa chini.

Mashine ya kulazia

Kanuni yake ni ileile ya komeo la mlango. Kuna kipande chenye meno kilichoungana na upande mmoja, na ulimi unaoingia kwenye meno hayo kutoka upande wa pili. Springi ndogo inausukuma ulimi ndani. Unapovuta mkono, ulimi unatoka, mgongo unakuwa huru, unaegemea kiasi unachotaka, unaachia, ulimi unarudi kwenye jino lililo karibu. Springi nyingine, yenye nguvu zaidi, inauvuta mgongo uje mbele ili usilazimike kuunyanyua kwa mkono.

Hiyo springi kubwa iheshimu. Ikichomoka usoni inapasua. Vaa miwani, na usiichomoe wala kuirudisha kwa bisibisi. Njia yangu: nachukua kamba nyembamba ya nailoni, naipitisha mara mbili kwenye ndoano ya springi, naifunga kwenye kipande cha mbao kama mpini, kisha navuta kwa mwili wangu huku mkono wa pili ukielekeza ndoano kwenye tundu lake. Kabla ya hapo mgongo uwe umeinamishwa mbele kabisa, kwa kuwa hapo springi imelegea zaidi.

Safisha kila jino kwa petroli na brashi ya meno. Grisi ya miaka 50 huwa imekuwa gundi iliyochanganyika na vumbi jekundu, na ndiyo inayozuia ulimi usiingie hadi chini. Kisha shika kipande cha meno mbele ya mwanga, weka ulimi ndani kwa mkono, uangalie. Ulimi lazima ukae hadi kwenye shina la jino na kugusa kuta zote mbili. Ukiona mwanga chini yake, kuna uchafu, au kuna rangi. Rangi tu, unene wa karatasi, inatosha kuufanya ulimi ukae juu ya jino badala ya ndani yake. Ndiyo maana niliziba.

Meno yaliyochakaa yana umbo la kitunguu: yamekuwa mviringo kileleni na upande mmoja umelala. Kama ni meno mawili ya mwisho ambayo hakuna anayeyatumia, naendelea. Kama ni yale ya katikati, pale ambapo dereva hukaa kila siku, sikubali kuyajaza kwa kuchomelea na kuyakata upya kwa tupa, ingawa nimeombwa mara nyingi. Moto unabadilisha ugumu wa chuma, na jino lililojazwa litashika gereji na kuachia kwenye barabara ya Mombasa mtu akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa. Mgongo ukilala ghafla, dereva analala nao, mikono inaacha usukani, miguu inaacha breki. Tafuta mashine nyingine, ya zamani yenye afya au mpya.

Bushi za egemeo, zile pete ambamo egemeo huzungukia, nazo zikaguliwe. Shika mgongo juu kabisa, usukume kulia na kushoto. Mchezo wa milimita moja kwenye bushi unakuwa sentimita nzima kwenye bega la kiti. Bushi zikiwa zimekwisha, fundi wa mashine ya kukereza anaweza kukutengenezea za shaba kwa muda mfupi.

Wakati wa kuunganisha, paka grisi nyembamba kwenye egemeo na bushi. Kwenye meno paka kidogo sana, kisha futa kwa kitambaa hadi ibaki kama unyevu. Grisi nyingi inakamata vumbi na kuchafua kava. Rudisha washa kwa mpangilio uliozikuta: zile nyembamba za wimbi zinaondoa mchezo, zile bapa zinalinda rangi. Nati ya egemeo ikazwe hadi mgongo usogee bila kuchezacheza na bila kukwama, kisha izuiwe kwa kotapini au nati ya kujifunga, kadiri kiti chako kilivyokuwa. Usitegemee nati ya kawaida mahali panapozunguka.

Vuta mkono, laza, achia. Rudia mara ishirini. Kila mara sikiliza: unataka mlio mmoja mkavu. Milio miwili ina maana ulimi umegonga kilele cha jino kwanza ndipo ukaingia, na springi ndogo imechoka.

Kiti uchi ndani ya gari

Sasa reli. Reli za chini ziwe zimesafishwa, zinateleza kwa mkono mmoja, na komeo lake la kusogeza mbele na nyuma linashika pande zote zinazotakiwa. Zipange sambamba. Ukifunga reli moja ikiwa jino moja mbele ya nyingine, kiti kitakaa mshazari na kukwama, na watu wengi hulaumu reli bure.

Chini ya reli za MGB kuna vipande virefu vya mbao. Mbao hizi zimewashangaza mafundi wengi, wakazitupa wakidhani mtu aliziweka kienyeji. Ni za kiwandani. Zinainua reli juu ya kapeti ili isiburuze, na zinakipa kiti kimo chake. Zikiwa zimeoza, chonga nyingine kwa mbao ngumu, unene uleule, toboa, paka vanishi pande zote na ndani ya matundu. Zikiondolewa ili mtu mrefu apate nafasi ya kichwa, hakikisha reli bado inapita juu ya sakafu bila kugusa, na bolti fupi zaidi ndizo zinazotumika ili zisichomoze chini ya gari.

Ingiza kiti kikiwa fremu tupu. Anza bolti zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Ukisogeza kiti nyuma kabisa unafikia bolti za mbele, ukisogeza mbele kabisa unafikia za nyuma. Ile ya nyuma upande wa gia ni ya kuvumilia, tumia soketi ndefu yenye kiungo. Kama thredi za sakafu zina kutu, pitisha tapu (kifaa cha kukatia thredi) ya UNF ya saizi yake kwa mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nati ya sakafu ikizunguka pamoja na bolti, imeachana na bamba, na lazima ichomelewe kutoka chini. Kabla ya hilo toa kapeti na uangalie mirija ya petroli na breki ilipopita.

Weka ubao juu ya fremu ya kikalio, ukalie, weka mkono kwenye usukani, kanyaga klachi hadi mwisho. Laza mgongo. Je, unagusa nguzo au kapeti ya nyuma? Mkono wa kulazia unafikika mlango ukiwa umefungwa? Kiti kinakwenda mbele na nyuma bila kujipinda? Haya yote yajibiwe leo.

Ukiridhika, toa kiti. Mgongo na kikalio viachane.

Raba ya kikalio

Chini ya sponji hakuna springi kama za sofa. Kuna shiti ya raba yenye ndoano za waya pembeni, zinazoingia kwenye matundu ya fremu. Raba hii ndiyo inayobeba uzito wako wote. Ikikauka inapasuka kuzunguka ndoano, na kikalio kinazama upande mmoja.

Mpya inakuwa fupi kuliko nafasi yake, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ianike juani saa moja, au uilaze kwenye maji ya moto. Tundika ndoano za pembe mbili zinazotazamana kimshazari, kisha pembe mbili zilizobaki, halafu za katikati, ukibadilisha upande kila mara. Kwa zile za mwisho pitisha kitanzi cha kamba imara kwenye ndoano, vuta, ingiza, chomoa kamba. Ncha za ndoano zitazame chini, mbali na sponji. Ndoano iliyotazama juu inatoboa sponji, kisha kava, kisha suruali. Ukihitaji kuilainisha tumia maji ya sabuni. Mafuta ya injini na grisi vinaila raba taratibu hadi iwe kama uji.

Naulizwa kuhusu tyubu za gari zilizokatwa mikanda na kusukwa kama kitanda. Inafanya kazi, nimewahi kuifanya mteja alipokuwa na safari ya haraka. Baada ya miezi inalegea na kiti kinashuka. Kama raba yenyewe haipatikani, bora ule mkanda wa raba na nyuzi unaotumika kwenye sofa, usukwe kwa kuvutwa sawasawa.

Sponji

Sponji ya zamani ukiibana inabaki na alama ya kidole au inamwaga unga. Itupe. Iliyofinyangwa kwa umbo la MGB inaagizwa; inayokatwa hapa kwetu inawezekana, mradi iwe ngumu, ile ya magodoro mazito, na siyo laini ya mito. Kata kwa kisu cha mkate chenye meno, kisu kikiwa kimenyooka, na ufuate ile ya zamani kama kigezo. Hata ikiwa imebomoka, vipande vyake vikipangwa vinaonyesha umbo.

Angalia kimo. MGB ina paa la chini na usukani mkubwa, na sentimita 2 za ziada za sponji zinamfanya mtu mrefu aguse paa na mapaja yake yaguse usukani. Kati ya raba na sponji weka kitambaa kigumu, kama cha gunia safi, ili raba isiisage sponji.

Juu ya sponji bandika tabaka jembamba la pamba ya polista. Linajaza mabonde madogo na kuifanya kava iteleze.

Kuvisha kikalio

Anika kava juani kwanza. Pwani nusu saa inatosha. Nairobi mwezi wa Julai tumia drayer ya nywele, na usiisogeze karibu hadi reksini ing'ae, kwani ikishang'aa imeanza kuyeyuka.

Weka alama ya katikati mbele na nyuma, kwenye kava na kwenye fremu, kwa chaki. Alama hizi nne zikikutana, mengine yatafuata. Eneo la katikati lenye mistari ndilo la kuanza nalo. Kiti chako cha zamani kitakuonyesha lilivyoshikwa, kwa gundi au kwa ukanda wa kitambaa uliovutwa ndani ya mfereji wa sponji; fuata vilevile. Usipolishika, reksini itakaa kama ngoma juu ya bonde na itapasuka kwenye mshono.

Gundi iwe ile ya kupaka pande zote mbili, wanayotumia mafundi viatu. Paka, subiri hadi ukigusa kwa mgongo wa kidole haivutiki, kama dakika 10 hadi 15 kulingana na hewa, kisha kutanisha. Ikishashika haikubali kurekebishwa, kwa hiyo weka karatasi kati ya pande mbili na uivute kidogo kidogo unapobandika. Fungua milango. Mvuke wake unalevya na unashika moto.

Kisha vuta mbele, vuta nyuma, halafu pembeni. Klipu chache kwanza kama mishikizo, kagua mistari ukiwa umesimama, ndipo ujaze klipu zote chini ya fremu. Mistari ya kushona iangaliwe kutoka pale mlango unapofunguliwa, kwa sababu hapo ndipo kila mtu atakapokiona kiti. Wanaopeleka gari kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya uzuri wa magari pale Ngong Racecourse, Nairobi, wanajua jinsi mstari mmoja uliopinda unavyoita macho.

Kuvisha mgongo

Kava ya mgongo inaingia kutoka juu kama soksi, na msuguano wa sponji ndio adui. Funika sponji kwa nailoni nyembamba, ile inayofunika godoro jipya. Kava itateleza hadi chini kwa mivuto michache. Kisha ichomoe nailoni kutoka chini taratibu. Wengine huiacha ndani. Mimi siiachi, hasa Mombasa, Tanga na Zanzibar: inafungia jasho na unyevu wa bahari, na fremu uliyoipaka rangi kwa bidii inaanza kuoza kutoka ndani.

Shuka sawasawa, bega kwa bega. Pembe za juu zijazwe vipande vidogo vya pamba ya polista, visukumwe kwa kijiko cha mbao hadi zisiwe na mikunjo. Ukingo wa chini uingie chini ya fremu na ushikwe kwa klipu, upande wa mbele kwanza.

Kama kiti kina kichwa cha kuegemea, tafuta tundu la mrija wake kwa kidole juu ya kava. Toboa kwa sindano nene uhakikishe, kisha kata msalaba mdogo, mdogo kuliko unavyofikiri. Kishikizo cha plastiki au cha kromu kitafunika kingo. Tundu lililokatwa likubwa halirudishiki, na kava nzima imeharibika kwa kosa la milimita 5.

Matundu ya bolti za bawaba nayo yamefichwa sasa. Usiyakate kwa wembe. Chukua msumari uliopashwa moto, uushike kwa koleo, ubonyeze katikati ya tundu: reksini inayeyuka na kingo zake zinajifunga zisichanike. Kwa ngozi halisi tumia kitobolezi.

Kuunganisha na kufunga

Laza kikalio kwenye blanketi. Leta mgongo, mtu wa pili aushike. Anza na upande usio na mashine, bolti kwa vidole, kisha upande wenye mashine. Springi kubwa irudishwe mgongo ukiwa umeinama mbele. Kama bolti inakataa kufika, kuna mkunjo wa kava uliobanwa kati ya bawaba na fremu. Toa, vuta kava, rudia. Kukaza ili kuubana mkunjo huo ndiko kunakorudisha ule msokoto tuliouondoa mwanzoni.

Kaza, jaribu kulaza mara kadhaa, ndipo uvishe vifuniko vya bawaba na kirungu cha mkono.

Gari lililotoka Marekani miaka ya 1970 linaweza kuwa na swichi ndani ya kikalio, ya taa ya onyo la mkanda. Unganisha waya zake kabla kiti hakijafungwa, na uufunge waya kwenye fremu mbali na reli, la sivyo reli itaukata siku ya kwanza.

Ingiza kiti garini milango ikiwa imefunikwa kitambaa, kwa sababu ncha za reli huchuna rangi. Bolti nne kwa vidole, sogeza kiti mbele na nyuma mara mbili ili reli zijipange zenyewe, kisha kaza kidogo kidogo kwa kupishanisha. Kwa bolti ya 5/16 kwenye nati ya sakafu iliyo nzima, mimi nakaza kati ya Nm 20 na 25. Washa za springi zote zirudi.

Mkanda wa usalama utolewe chini ya kiti ukiwa haujasokotwa na ufike mahali pake mtu akiwa amekaa. Halafu kaa. Laza kiti nusu, egemea kwa nguvu kwa mabega, miguu ikisukuma sakafu. Kama mgongo utaruka jino, heri uruke sasa gari likiwa limesimama. Fanya hivyo kwenye kila jino ambalo mwenye gari atalitumia, na viti vyote viwili.

Reksini mpya inalegea kidogo baada ya wiki mbili za joto la gari lililoegeshwa. Mwambie mwenye gari arudi: utakaza tena bolti nne za sakafu na mbili za bawaba, na mikunjo iliyotokea kwenye pembe za kikalio utaivuta kwa kusogeza klipu tatu au nne. Masalio ya reksini mkunjie ndani ya buti, chini ya kapeti. Siku mshono ukichanika atakuwa na kiraka cha rangi ileile.